Pancha Zisizokwisha: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Wasomaji wetu wengi wanaishi na kufanya kazi mahali ambapo baiskeli bado ni usafiri wa kutegemewa. Pikipiki zimeenea hadi vijijini, ni kweli, lakini mhudumu wa afya anayejitolea mara nyingi hana fedha ya mafuta, na mfugaji anayepeleka lita kumi za maziwa barabarani hawezi kulipa bodaboda kila asubuhi faida ikabaki. Kwa watu hawa pancha ina gharama kubwa kuliko bei ya kiraka. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yanaanza kuchacha jua likipanda. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemsubiri mhudumu amletee dawa anaweza kuikosa dozi ya siku hiyo. Baiskeli ikishaharibika mara tatu au nne mfululizo, mwenyewe huiegemeza ukutani na kuanza kutembea, na vijiji vya mbali ndivyo vinavyoachwa kwanza.

Kuziba pancha karibu kila mtu anajua, hata watoto wa shule. Jambo lisilofundishwa sana ni kujiuliza kwa nini gurudumu lile lile limetoboka tena. Kiraka huziba tundu. Kilichotoboa, ikiwa bado kimo ndani ya tairi au kwenye ringi, kitatoboa tena kesho pembeni kidogo tu ya kiraka kipya. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kukitafuta. Tumetumia mfano wa baiskeli ya kawaida ya inchi 28 yenye keria nyuma, kwa kuwa ndiyo inayopatikana katika vikundi vingi, lakini njia ni ile ile kwa baiskeli za aina nyingine.

Kabla ya kuchomoa tyubu

Mara tairi linapoisha upepo, wengi wetu hukimbilia kulifungua, kuvuta mpira wa ndani, yaani tyubu, na kuitumbukiza kwenye karai la maji. Tundu linaonekana, linazibwa, kazi imekwisha. Lakini kwa haraka hiyo tumepoteza ushahidi: hatujui tena tundu lile lilikuwa limekaa sehemu gani ya tairi, wala lilitazama wapi.

Kwa hiyo anza kwa kuweka alama. Chukua chaki, kipande cha mkaa au kalamu, chora mstari ubavuni mwa tairi mahali lilipo valvu, na mshale mdogo unaoonyesha upande wa mnyororo. Tyubu nayo iwekee mshale kama huo mara tu inapoanza kutoka. Mafundi wenye uzoefu wana njia rahisi zaidi: hawalitoi gurudumu la nyuma kabisa. Wanafungua upande mmoja wa tairi, wanavuta tyubu nje kwa ubavuni, na valvu wanaiacha palepale kwenye tundu lake la ringi. Tyubu ikiwa imefungwa hivyo haiwezi kugeuka. Tundu likishaonekana, unairudisha tyubu kwenye tairi na kujua papo hapo ni sehemu ipi ya kuchunguza. Pia hakuna haja ya kuhangaika na mnyororo, madigadi na nati za nyuma.

Tairi linalofunguka tunalichukulia kama jambo la kawaida, lakini halikuanza hivyo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipopata hati ya ubunifu wa tairi la upepo mwaka 1888, tairi lake lilikuwa limebandikwa kwenye gurudumu. Kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi, kubandua na kubandika upya. Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walitengeneza mwaka 1891 tairi la baiskeli linaloweza kufunguliwa kwa zana za mkono. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kuliangalia tairi lake kwa ndani. Nafasi hiyo tunayo, basi tuitumie.

Tundu linatazama wapi?

Jaza tyubu upepo hadi inenepe kuliko inavyokuwa ndani ya tairi, uipitishe polepole majini. Ukiona tundu la kwanza, usisimame hapo. Endelea hadi umezunguka tyubu yote, kwa sababu mwiba mmoja unaweza kuacha tundu juu na lingine chini. Kama uko njiani na maji hakuna, isogeze tyubu karibu na mdomo au shavu. Ngozi ya midomo inahisi upepo mwembamba ambao vidole havihisi.

Sasa jibu swali moja: tundu linatazama nje, upande wa barabara? Linatazama ndani, upande wa ringi na spoku? Au liko ubavuni? Jibu la swali hili linapunguza nusu ya kazi, maana kila upande una visababishi vyake.

Tundu la upande wa barabara

Hapa chanzo kilipita kwenye tairi, na mara nyingi bado kimo. Katika mikoa ya Dodoma, Singida na Shinyanga, mwenye hatia wa kwanza ni mwiba. Miiba ya migunga iliyokatwa kwa ajili ya maboma ya mifugo huangushwa njiani na mikokoteni. Mkulagembe una miiba migumu, na wakulima wanaoufahamu hawahitaji kuelezwa kwa nini ukaitwa hivyo. Mbigili ni mbaya kwa namna yake. Mmea huu hutambaa chini, una maua madogo ya njano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano vyenye miiba migumu. Kipande kinaweza kulala chini huku mwiba mmoja umesimama juu ukisubiri. Ndiyo maana pancha nyingi hutokea baada ya mvua kwisha, mimea inapokauka, na wala si wakati wa matope.

Mwiba ukiingia kwenye tairi hukatika. Kichwa hubaki nje na kusagika barabarani, ncha hubaki ndani ya mpira wa tairi. Ukiwa umeketi chini ya mti na tairi halina upepo, ncha hiyo haionekani wala haichomi. Ukijaza upepo na kupanda, uzito unaisukuma ndani milimita moja au mbili, na hiyo inatosha.

Mbaya zaidi kuipata ni waya mwembamba kama unywele. Matairi ya malori yana nyaya za chuma ndani yake. Yanapopasuka barabara kuu, nyaya hizo hutawanyika pembeni, mahali hasa wanapopita waendesha baiskeli. Waya wa namna hiyo hutoboa tundu dogo ambalo hupoteza upepo kwa saa kadhaa. Mwenye baiskeli huamka asubuhi na kukuta tairi limelala, analaumu valvu au watoto wa jirani.

Kumtafuta adui huyu kunahitaji subira. Geuza tairi kwa ndani, lipitishe kitambaa cha pamba au kipande cha soksi kuukuu, polepole, kuzunguka lote, kwanza kwa kwenda kisha kwa kurudi. Kitambaa kitanasa kwenye ncha ambayo jicho halioni. Usitumie kidole kitupu kwanza, waya unakata. Kisha likunje tairi kidogo kidogo kwa nje ili nyufa zifunguke, utazame kila ufa kwenye mwanga wa jua. Alama ya chaki uliyoweka inakuambia pa kuanzia, lakini lizunguke tairi lote, maana ulipo mwiba mmoja hukosi wa pili. Ng'oa kwa koleo au sukuma kutoka ndani kwa msumari butu. Usiusukume mwiba kutoka nje kwenda ndani.

Na kama hukuona kitu? Angalia unene wa tairi. Tairi lililokwisha hadi nyuzi zinaonekana halizuii hata mbigili changa. Hapo chanzo ni tairi lenyewe, na kulinunulia viraka ni kupoteza fedha. Watu wengine huweka ndani ya tairi kuukuu ukanda uliokatwa kutoka tairi jingine ili kuongeza unene. Inasaidia, ila kingo za ukanda huo zisipopunguzwa kwa kisu na msasa zitaisugua tyubu hadi kuitoboa, na utakuwa umejitengenezea chanzo kipya.

Tundu la upande wa ringi

Huku miiba hufika mara chache. Tundu linalotazama ringi mara nyingi limetokana na kitu kilichomo ndani ya gurudumu: ncha ya spoku, kutu, kingo za ringi mahali ilipoungwa, au utepe wa ringi uliooza au kuhama. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na tumeshuhudia linavyoweza kumsumbua mtu.

Katika kijiji kimoja mkoani Dodoma tulimkuta mama mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa fundi wa baiskeli chini ya mkwaju. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa limetoboka tena.

"Fundi, hii ni mara ya nne tangu mwezi uanze."

"Mama, mimi nifanyeje? Njia yenu ya kule bondeni ni miiba mitupu."

"Na hili la mbele mbona halipati? Si linapita njia hiyo hiyo, tena ndilo linalotangulia?"

Fundi alicheka, kisha akanyamaza. Lilikuwa swali zuri. Si kwamba lilimaliza ubishi, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi na kwa kawaida hupata pancha nyingi kuliko la mbele. Lakini nne kwa sifuri ni tofauti inayotaka maelezo. Tulimwomba fundi ailaze tyubu chini, tukavitazama viraka vyake vyote kwa pamoja. Vitatu vya zamani na tundu jipya vyote vilikuwa upande wa ndani, unaotazama ringi. Tulipopima kwa rula ya daftari, umbali kati ya viraka viwili vya jirani ulikuwa karibu sentimita 5, na kile cha mbali kilikuwa karibu sentimita 10 kutoka kwa mwenzake.

Gurudumu la nyuma la baiskeli za namna hii kwa kawaida lina spoku 40, na la mbele 32. Ukigawanya mzunguko wa ringi ya nyuma kwa 40 unapata karibu sentimita 5 kutoka spoku hadi spoku. Mwiba haupimi. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, kabla yetu, "Hizi ni spoku."

Tairi lilipotolewa, utepe wa ringi ulikuwa kitambaa kilichooza na kuzama pembeni. Chini yake spoku kadhaa zilikuwa zimetokeza juu ya nipeli zake kama ncha za kalamu. Mama yule alikumbuka kwamba baada ya mavuno alibadilishiwa spoku zilizokatika. Zilizopatikana dukani zilikuwa ndefu kidogo, zikakatwa kwa msumeno, na ncha hazikupigwa tupa. Kila alipofunga mzigo kwenye keria na kupita kwenye shimo, tyubu iligandamizwa juu ya ncha hizo.

Tiba yake haikuchukua hata saa moja. Fundi alizipiga tupa ncha zote hadi zikawa sawa na vichwa vya nipeli, akapitisha kidole akiwa amekivika kitambaa kuhakikisha hakuna kinachonasa. Kutu aliisugua kwa msasa na kuipangusa. Halafu akakata ukanda kutoka tyubu kuukuu, upana wa kutosha kufunika nipeli zote bila kupanda kwenye kingo za ringi, akautoboa tundu la valvu na kuuvuta ukakaza. Ukanda wa mpira ni bora kuliko kitambaa kwa sababu haunyonyi maji wala haulegei. Msimu wa kilimo uliofuata gurudumu lile lilipata pancha moja, ya mwiba, upande wa barabara.

Ikiwa spoku zako zimekazwa hivi karibuni ili kunyoosha gurudumu lililopinda, fungua tairi ukague hata kabla ya pancha ya kwanza. Kukaza nipeli huipandisha ncha ya spoku.

Matundu mawili yanayokabiliana

Wakati mwingine utakuta matundu mawili marefu membamba, yamekaa sambamba, moja kila upande wa tyubu. Hakuna kilichoingia. Gurudumu liligonga jiwe au ukingo wa shimo, tairi likabonyea hadi mwisho, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi. Chanzo ni upepo mdogo, au mzigo mkubwa, au vyote viwili.

Wabeba mkaa wanaoingia mijini na magunia mawili matatu wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Wao hujaza tairi la nyuma likawa gumu kama ubao, na hushuka na kusukuma kwenye mawe. Wenye shida zaidi ni watu wa mizigo ya wastani: ndoo mbili za maji, mtoto na begi la dawa. Hujaza upepo kwa kadiri ya uzito wao, kisha huongeza mzigo bila kuongeza upepo.

Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, lakini pampu nyingi za mkono hazina kipimo, na kuminya kwa dole gumba hudanganya, hasa tairi likiwa la mpira mnene. Njia ya kufaa ni hii. Funga mzigo wako wa kawaida, panda baiskeli, na mwenzako achuchumae atazame mahali tairi la nyuma linapokanyaga ardhi. Litatuna kidogo pembeni. Likitandazika hata ringi ikakaribia ardhi, ongeza upepo. Rudieni mara moja kwa wiki, kwa sababu tyubu yoyote hupoteza upepo taratibu hata ikiwa nzima.

Ubavuni na kwenye valvu

Tundu la ubavuni likitokea siku ile ile tyubu ilipozibwa au ilipowekwa mpya, tazama zana zilizotumika. Bisibisi na mpini wa kijiko hufungua tairi upesi, lakini huibana tyubu dhidi ya ringi na kuikata. Vyuma vya kufungulia tairi viwe na ncha za mviringo. Wakati wa kurudisha, weka upepo kidogo kwenye tyubu ili isijikunje, na sehemu ya mwisho ya tairi isukumwe kwa viganja. Pia angalia kama pedi ya breki inagusa tairi badala ya ringi, au kama skrubu ya madigadi inalikwangua. Ubavu ukipasuka, tyubu hutokeza kama puto. Ushone au uweke ndani yake kipande cha turubai au cha tairi kuukuu, kikubwa kuliko ufa.

Pancha kwenye shina la valvu ina habari yake. Ukiona valvu imeinama, haijasimama wima, ujue tairi linateleza juu ya ringi na kuivuta tyubu kwenda nayo. Hutokea upepo ukiwa mdogo na breki zikishikwa kwa nguvu. Kiraka hakikai vizuri mahali hapo, na mara nyingi tyubu huwa imekwisha kazi. Kabla ya kuweka nyingine, piga tupa kingo za tundu la valvu kwenye ringi zisiwe kali, na uwe na desturi ya kuitazama valvu. Ikianza kuinama, punguza upepo, sogeza tairi, jaza upya.

Na pengine hakuna tundu kabisa. Valvu za baiskeli nyingi za kwetu hushikilia upepo kwa kipande kidogo cha mpira kilichovalishwa kwenye kijiti chake cha chuma. Upepo wa pampu huusukuma mpira huo nje ukapita, upepo wa ndani huubana tena kwenye tundu. Mpira ukichakaa kwa joto na umri hupasuka, na tairi hulala usiku. Paka mate juu ya valvu: mapovu yakitokea, badilisha mpira huo na usiguse tyubu. Ulainishe kwa mate wakati wa kuuvalisha, kamwe usitumie mafuta, kwani mafuta huozesha mpira. Ni jambo la kusikitisha kuona tyubu nzima ikifunguliwa, ikichunwa na msasa na kubandikwa viraka vya kubahatisha, kumbe kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira kifupi kuliko kidole.

Tyubu ya zamani ni daftari

Kama ulivyoona kwa yule mama, viraka vya nyuma vinaweza kusoma. Usitupe tyubu iliyochoka kabla ya kuitazama. Ilaze chini, uangalie kila kiraka kilitazama wapi na kiko mbali kiasi gani na valvu. Viraka vilivyokusanyika mahali pamoja upande wa barabara vinaelekeza kwenye kitu kimoja kilichonasa kwenye tairi, sehemu hiyo hiyo. Viraka vilivyotawanyika kila mahali upande wa barabara vinasema tairi limechakaa, au njia ina miiba na hakuna anayeikagua. Viraka vya upande wa ringi tumeshavieleza.

Kuna tahadhari moja. Tyubu ikitolewa kabisa inaweza kuwa ilirudishwa imegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Kwa hiyo kiraka kilicho shubiri mbili kutoka valvu kinaweza kuwa kilitokana na kitu kilicho shubiri mbili upande huu au upande ule. Kagua pande zote mbili za tairi.

Kiraka kinachoachia

Mara nyingine pancha mpya ni ile ya zamani. Upepo unatoka chini ya kiraka. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa kwenye kimiminika kinachokauka haraka, na kiraka hushika vizuri kimiminika hicho kikishaondoka. Kosa kubwa ni haraka. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi weusi wa kung'aa uishe, na mstari ulioinuka wa tyubu usawazishwe kabisa, la sivyo upepo utapita pembeni yake kama maji kwenye mfereji. Pangusa vumbi. Usiguse tena kwa kidole, jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuharibu kazi. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri dakika tano au zaidi hadi isiwe na majimaji. Usiipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Tumeona mafundi wakiiwasha kwa kiberiti ili ikauke. Ni hatari, na mpira unaungua.

Kama unakata viraka kutoka tyubu kuukuu, nacho kiraka kisuguliwe na kupakwa solusheni, kisubiri vivyo hivyo, na pembe zake zikatwe mviringo ili zisianze kubanduka. Kandamiza kutoka katikati kwenda nje.

Mapatano na fundi

Vikundi vyenye baiskeli kadhaa, kwa mfano vya wahudumu wa wagonjwa majumbani au vya wauza maziwa, hulipia pancha nyingi kwa mwaka bila kuzihesabu. Tunashauri kila baiskeli iwe na ukurasa wake katika daftari la kikundi: tarehe, gurudumu la mbele au la nyuma, upande ulikokuwa tundu, na kilichopatikana. Maneno matano yanatosha. Baada ya miezi miwili mtaona wenyewe baiskeli ipi ina tatizo la ringi na ni nani anayebeba mzigo bila kujaza upepo.

Jambo la pili ni gumu kidogo kulisema. Fundi hulipwa kwa kila tundu analoziba, na mteja amesimama juu yake akimhimiza. Hakuna anayemlipa kutafuta chanzo. Tusimlaumu basi kwa kutokifanya ambacho hakilipwi. Vikundi viwili tunavyovifahamu vimepatana na mafundi wao hivi: pancha ya kawaida hulipwa bei ya kawaida, lakini gurudumu likitoboka mara ya pili ndani ya mwezi, fundi anatoa tairi lote, anakagua tairi na ringi, anaonyesha alichokipata, na analipwa mara mbili. Mafundi wamefurahi. Wahazini waliguna mwanzoni, kisha daftari likawaonyesha hesabu.

Wajadilini pia njia mnazopita. Je, kuna boma ambalo matawi yake ya miiba yanaburutwa barabarani? Mwenye boma amewahi kuambiwa kwa heshima? Nani anaweza kufyeka mbigili kwenye njia ya kwenda zahanati kabla haijakomaa?

Kama bado hujakipata

Itatokea umekagua kila kitu na gurudumu la nyuma bado linatoboka. Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Kwa kuwa matairi ya mbele na nyuma ya baiskeli hizi ni ya kipimo kimoja, hamisha tairi la nyuma ulipeleke mbele, na la mbele ulilete nyuma. Kila ringi ibaki na utepe wake, na andika tarehe. Pancha ikilifuata tairi hadi mbele, kuna kitu ndani ya tairi ambacho kitambaa chako hakikukinasa. Lipitishe tena, safari hii likiwa limekunjwa nje ndani, juani. Pancha ikibaki nyuma ingawa tairi ni jingine, toa utepe wa ringi na uhesabu nipeli moja moja, ukianzia kwenye valvu.